Sura ya Saba: Maua Yake Mpeni

Jeneza likishashushwa na udongo ukishafukiwa, mwongozaji wa shughuli hushika kipaza sauti na kuanza kuita. Mjane. Watoto wa marehemu. Wajukuu. Wakwe. Kaka na dada. Majirani. Wafanyakazi wenzake. Akina mama wa jumuiya. Kila kundi likitajwa hujongea na shada lake, likaliweka juu ya tuta bichi, likarudi nyuma kupisha wengine. Aliyewahi kuzika Moshi, Mbeya au Bukoba, katika mazishi ya Kikristo, anaujua mwito huo kwa mpangilio wake. Mwisho wa yote kaburi halionekani tena. Lililobaki ni kilima cha maua, mengine ya shambani, mengine ya plastiki yaliyofungwa kwa karatasi inayong'aa.

Kabla ya hapo wasifu umesomwa. Alizaliwa lini, alisoma wapi, alifanya kazi gani. Halafu yanakuja yale yanayowafanya waombolezaji wageuke kutazamana: kumbe alilipia karo watoto wa jirani miaka minne bila kumwambia mtu. Kumbe ndiye aliyetoa kiwanja cha zahanati. Kumbe. Neno hili hutawala misiba yetu kuliko hata neno pole. Tumekaa na mtu miaka hamsini, tukaja kumfahamu siku ambayo hawezi tena kusikia kwamba tumemfahamu.

Msemo ninaotaka kuuchimba katika sura hii umezaliwa hapo, pembeni ya kaburi, ingawa siku hizi unasikika zaidi kwenye furaha. Mtangazaji wa mpira anaupaza golikipa anapopangua penalti: apewe maua yake! Dada aliyesukwa nywele zikapendeza anaandika chini ya picha kwamba msusi wake apokee maua yake. Bungeni, redioni, kwenye makundi ya familia ya simu, watu wanapeana maua kutwa, na wasiotaka kuandika neno zima wanatuma kialama cha waridi jekundu. Hakuna petali hata moja linalobadilisha mikono.

Wazee kadhaa ninaowaheshimu hawaupendi. Wanasema ni tafsiri, ni Kiingereza kilichovalishwa kanzu. Kwa asili yake wana haki. Nianze basi na huko ulikotoka, maana huko nako kuna watu ambao hawajapewa maua yao.

Ulitoka Marekani, na ulianza kutajwa zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mshairi Nixon Waterman, aliyezaliwa mwaka 1859 na kufariki 1944, aliandika shairi lililojulikana sana lenye wazo kwamba waridi moja mkononi mwa aliye hai lina thamani kuliko mashada ya fahari kwa aliyekufa. Katika miaka ya 1930 Carter Family, ukoo wa waimbaji kutoka milima ya Virginia, walirekodi wimbo wa kuomba wapewe mawaridi wangali hai. Lakini waliolipa wazo hili roho yake ni Wamarekani Weusi makanisani. Katika miaka ya 1950 mume na mke kutoka Florida, Sullivan na Iola Pugh, waliokuwa wakiimba injili kwa jina la The Consolers, walitoa wimbo uitwao "Give Me My Flowers". Jina lenyewe ni dai: nipeni maua yangu. Wimbo huo uliimbwa na kuimbwa tena katika makanisa ya Kusini hadi maneno yake yakawa methali ya watu.

Kwa nini wao? Tazama walikuwa nani. Mpishi, dobi, mkulima wa pamba katika shamba la mtu mwingine, mwalimu wa shule iliyotengwa kwa rangi. Magazeti ya mji hayakuandika habari zao, na serikali haikuwapa nishani. Mahali pekee ambapo mtu wa namna hiyo aliweza kutajwa jina lake kamili, kwa heshima, mbele ya watu waliovaa vizuri, palikuwa kanisani, na mara nyingi siku ya mazishi yake. Kudai maua mapema ilikuwa kudai kutambuliwa na wenzako hao hao, kwa kuwa wengine hawangekutambua kamwe.

Zora Neale Hurston ni mfano unaoniuma kila nikiukumbuka. Aliandika riwaya na kukusanya ngano za watu wake kwa ustadi ambao leo unasomeshwa vyuo vikuu. Alifariki mwaka 1960 huko Fort Pierce, Florida, akiwa fukara, akazikwa katika kaburi lisilo na jina. Ilimchukua mwandishi mwingine, Alice Walker, kwenda kulitafuta mwaka 1973 katika makaburi yaliyomezwa na majani na kuweka jiwe. Miaka 13 hata jiwe hakuwa nalo, achilia mbali maua.

Kutoka kanisani msemo ulihamia kwenye muziki wa hip hop, ambao mabingwa wake wengi hufa vijana. Mwaka 2016 rapa N.O.R.E. na mwenzake DJ EFN walianzisha kipindi chao cha mazungumzo, "Drink Champs", wakijinasibu kwamba kazi yao ni kuwapa magwiji maua yao wangali wanapumua. Wageni wakawa wanakabidhiwa maua halisi mbele ya kamera. Vijana wa Dar es Salaam na Nairobi wanaotazama vipindi hivyo ndio waliolichukua wazo na kulisema kwa lugha yao. Mwanzoni mwa miaka ya 2020 likawa mdomoni mwa kila mtu.

Waliolichukua, kwa bahati, walikuwa na mizizi kanisani pia. Wazo la kumheshimu mtu kabla ya kaburi lipo katika Injili yenyewe. Kule Bethania mwanamke alivunja chupa ya marhamu ya nardo na kummiminia Yesu kichwani. Waliokuwapo wakanung'unika: manukato yale yangeuzwa zaidi ya dinari 300, karibu ujira wa kibarua kwa mwaka mzima. Yesu akamtetea, akasema ameupaka mwili wake mafuta mapema kwa ajili ya maziko. Mapema. Wanawake wengine watatu walikwenda kaburini na manukato yao alfajiri ya Jumapili, wakakuta hayupo. Mwanamke wa Bethania peke yake ndiye aliyewahi.

Hiyo ndiyo safari ya msemo kutoka huko hadi kwetu. Sasa kuhusu lile shutuma la ugeni. Nikitembea katika bustani ya Mswahili nakuta wageni watupu. Waridi limekuja na Waarabu, kutoka neno lao ward. Asumini ni yasmini ya Waajemi. Rehani ni rayhan. Langilangi jina lake limetoka mbali kuliko yote, katika lugha ya Kitagalogi ya Ufilipino. Shada lenyewe ni la Kiarabu. Kilicho chetu tangu asili ni jina la jumla, ua, ambalo lina ndugu zake bara: Wagikuyu wanasema ihũa, Washona wanasema ruva. Kiswahili hakijawahi kuliogopa ua kwa sababu limekuja na meli. Kiliuliza tu kama linanukia.

Na kwa pwani swali la harufu ndilo lenyewe. Hapa lazima nikae kidogo, kwa sababu ndipo msemo wa Marekani unapokutana na kitu ambacho haukukitarajia.

Mmarekani anaposema mpe maua yake angali hai, anapingana na desturi: kwake shada kubwa kabisa ni la msiba, na anataka lisogezwe mbele. Bara, walikoingia wamisionari na mazishi ya mashada, tunamwelewa mara moja. Hata taifa limelichukua shada: kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, Tanzania huweka kwenye mnara mkuki na ngao, sime, upinde na mishale, shoka, na kati ya silaha hizo za babu zetu limo shada la maua. Lakini Lamu, Mombasa ya Mji wa Kale, Tanga, Unguja na Pemba, Mwislamu anayezikwa hasubiri mashada. Anachongojea kwa walio hai ni dua, Yasini, na sadaka itakayotolewa kwa jina lake. Ua kazi yake ni nyingine, na kazi hiyo haijawahi kuwa ya kaburi.

Asumini huchumwa jioni ingali tumba, imefumba. Akina mama huitunga kwa uzi, tumba kwa tumba, na wanaoiuza huifunika kwa kitambaa chenye unyevu. Inapovaliwa nyweleni magharibi bado haijasema kitu. Usiku ukiingia inafunguka juu ya kichwa cha mwenyewe, na chumba kizima kinajua. Kuna kikuba: asumini, rehani na vipande vya mkadi vilivyofungwa pamoja, kinachotiwa kifuani au kubanwa nyweleni. Kuna kilua, ua dogo ambalo bibi wa pwani akilinusa hukumbuka harusi yake. Bibi harusi hupambwa kwa hayo, kitanda chake hunyunyizwa kwa hayo. Asubuhi yake yote yamekuwa kahawia na hakuna anayesikitika, kwa kuwa yamemaliza kazi. Ua la pwani ni la mwili wenye joto, ni la usiku huu, na mtu akiulizwa kwa nini asimwekee mkewe asumini hadi afe, nadhani angeshindwa hata kulielewa swali.

Kwa hiyo msemo umefika pwani ukakuta watu wanaoufanya tayari bila kuusema. Haukuwafundisha kutoa maua kwa walio hai. Uliwapa namna mpya ya kusema jambo ambalo mkono umelizoea, na ndiyo maana, naamini, haukukwama mdomoni.

Ila kuna sababu nyingine ya kutokwama, na hii iko katika sarufi. Tusikilize vizuri. Watu hawasemi mpe maua. Wanasema mpe maua yake. Kimilikishi hicho kilikuwapo katika Kiingereza pia, lakini kilipoingia kwetu kilikuta kalibu limekwisha kuchongwa. Tangu zamani tuna methali isemayo mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Ni methali kali: hata mtu ambaye mmeamua kumwonea, kuna kitu ambacho ni chake na hamwezi kumnyima. Ondoa haki, weka maua: maua yake mpeni. Mdundo ule ule, amri ile ile ya wingi, inayoelekezwa kwa kadamnasi, si kwa mtu mmoja. Mpeni, nyinyi nyote mliokuwa mnatazama. Na yake inatuambia kwamba hatuombwi ukarimu. Maua yalikuwa mali yake tangu siku alipofanya lile jambo. Sisi tumeyashikilia tu, kama mtu aliyeokota mkoba wenye jina la mwenyewe na kukaa nao.

Hiyo ndiyo tofauti kubwa na maneno mengine tuliyo nayo ya kusifu. Ukimpamba mtu, ni wewe unayemwongezea mapambo. Ukimmwagia sifa, chombo ni chako. Ukimpa tano, mnagonga viganja na imekwisha. Hongera inatambua tukio: umefaulu, umezaa, umefika salama. Lakini maua yake yana harufu ya deni.

Deni hilo tuliwahi kuwa na jina lake. Kijana aliyejifunza useremala, uhunzi au ushoni kwa fundi, akifuzu, alimpelekea fundi wake ada iliyoitwa kilemba. Ilikuwa nguo kweli au fedha badala ya nguo, na haikuwa zawadi ya hiari. Fundi aliidai, na mwanafunzi asiyeitoa alihesabika hajafuzu hata kama mikono yake ilijua kazi. Katika ndoa nako kuna kilemba, fungu la wazee wa bibi harusi. Kumvika mtu kilemba ni kukiri hadharani kwamba bila yeye usingekuwa hapo.

Na kwa sababu heshima hiyo ilikuwa na thamani, watu waliighushi, ndipo lugha ikaunda jina la ile bandia: kilemba cha ukoka. Ukoka ni lile jani la kutambaa ambalo mbuzi hulitafuna njiani. Ukilisokota ukamzungushia mtu kichwani, kwa mbali anaonekana sultani. Akiingia juani saa moja limesinyaa, na mbuzi wakimwona wanamfuata. Anayevikwa kilemba cha ukoka amesifiwa kwa asichokifanya na mtu anayetaka kitu kwake.

Hapo nakubaliana na wazee wangu wasioupenda msemo. Maua yanatolewa ovyo. Mtu ameegesha gari vizuri, maua. Ameweka picha ya pilau, maua. Kiongozi ametimiza wajibu anaolipwa mshahara kwa ajili yake, na wapambe wake wanataka nchi nzima imletee bustani. Maua ya namna hii ni ukoka tu. Walichonifundisha wazee hao ni kuuliza swali moja kila nikisikia msemo huu: kwa lipi? Asemaye mpeni maua yake, mkunga huyu amezalisha vijiji vitatu kwa miaka 30 kwa taa ya chemli, huyo ameleta maua. Asiyeweza kutaja jambo ameleta majani.

Kuna hofu nyingine, ya zamani zaidi. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Wengi wetu tumelelewa kwa methali hiyo; ndiyo iliyowafanya baba zetu wasitusifu mbele zetu, wakatusifu kwa wageni tukiwa tumelala. Lakini itazame kazi ya mgema. Anapanda mnazi asubuhi na jioni, kwa ngazi alizozichonga kwenye shina au kwa kamba, hadi kileleni, na anachokikata huko juu ni ua. Tembo la mnazi ni maji ya kichala cha maua ambacho bado kimo ndani ya karara lake, kinafungwa kisipasuke na kukatwa ncha kidogo kidogo kila siku ili kidondoshe. Kila kibuyu kinywewacho ni ua ambalo halikupata kuchanua, na nazi ambazo hazitazaliwa. Mtu huyu anahatarisha shingo yake mara mbili kwa siku. Nikiri kwamba siku hizi methali hii nikiisikia nawaza habari za wanywaji: walikaa chini ya mnazi miaka mingapi kabla ya mmoja wao kumsifu, hata sifa ikamlevya mara alipoionja?

Katika sanaa yetu tunaye aliyesubiri na aliyewahiwa, nao ni watu wa nyumba moja ya muziki. Siti binti Saad alitoka kijiji cha Fumba, Unguja, binti wa watu wa chini, mfinyanzi na muuza vyungu, akawa sauti ya kwanza ya mwanamke kutoka kwetu kuvuka bahari: mwaka 1928 alikwenda Bombay na wenzake kurekodi santuri za Kiswahili. Shaaban Robert alimwandikia wasifu, kitabu ambacho hadi leo ndicho dirisha letu kubwa la kumwona. Lakini Siti alifariki mwaka 1950, na kitabu kilimfikia msomaji baada yake. Fatuma binti Baraka, ambaye tulimjua kama Bi Kidude, aliimba nyimbo za Siti maisha yake yote, miguu peku, ngoma kiunoni. Ulimwengu ulimfikia akiwa ajuza: mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX huko Uingereza, mbele ya wanamuziki wa dunia nzima. Aliishi hadi Aprili 2013. Naifurahia tuzo ile hadi leo, ingawa naona uchungu kwamba waliowahi kumletea maua mengi hivyo walitoka mbali, wakati sisi tulikuwa tukipishana naye vichochoroni Mji Mkongwe.

Nimalizie na neno lenyewe, maana lina jirani wa ajabu. Ua, maua: linalochanua. Ua, nyua: uzio wa makuti au miti, na kile kiwanja cha ndani ambamo nyumba hupikia, husukana na kusengenyana. Maneno mawili, ngeli mbili, sauti moja. Mtoto wa Kiswahili huyatofautisha bila kufundishwa.

Miaka michache iliyopita nilialikwa kumuaga mwalimu aliyenifundisha kusoma. Alikuwa anastaafu. Shule ilikuwa ile ile, madawati mengine. Mezani palikuwa na soda, keki, na bahasha ya michango yetu. Hotuba zilikuwa nzuri na zilikuwa ndefu. Kisha mwalimu wa zamu akatoa ishara, na watoto wa darasa la kwanza wakaingia kwa mstari, kila mmoja na ua. Hakukuwa na fedha ya maua ya dukani, kwa hiyo walikuwa wameambiwa wachume asubuhi hiyo kwenye boganvilia za uzio wa shule. Ua la uani. Mengine yalikuwa yamekwisha kupondeka viganjani, zambarau imewapaka vidole.

Bibi yule hakuyapokea yote kwa mpigo kama tulivyotarajia. Alivaa miwani. Akamshika wa kwanza mkono.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Unaitwa nani?"

Akajibiwa, akalichukua ua lake, akaliweka mezani peke yake. Akamgeukia wa pili. Walikuwa watoto 60 na zaidi, soda zikapata moto, mgeni rasmi akatazama saa, na yeye aliendelea hivyo hivyo, mmoja mmoja, jina kwa jina, mpaka wa mwisho.